Mnara Upimwe Kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe rai yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa barazani, jikoni, katika dakhalia, na mwisho katika mkutano wa wazazi; nalo ni mnara wa simu uliosimamishwa nyuma ya kiwanja chetu cha mpira. Wasomaji wanajua kwamba wazee wengi wanataka uondolewe, kwa kuwa wanasema unatoa mionzi iletayo saratani na kuwapotezea watoto kumbukumbu. Wengine, hasa vijana wa masomo ya sayansi, wamewacheka. Mimi naona pande zote mbili zina kosa moja. Wanaotaka mnara uondolewe wamehukumu bila ya kupima, na wanaowacheka nao wamehukumu bila ya kupima.

Kwanza tujue tunazungumza kitu gani. Neno mionzi limekuwa kama pakacha moja linalotiwa vitu visivyofanana. Iko mionzi ayonisha, kama ile ya eksirei ya hospitali na ile itokayo katika madini ya urani, ambayo ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomi na kuharibu chembe za uhai. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo, yawe yale ya Sauti ya Unguja iliyoanza mwaka 1951 au haya ya simu ya leo. Kazi yanayojulikana kuifanya mwilini, yakiwa mengi, ni kuupasha joto; na oveni ya maikrowevu hupika chakula kwa mawimbi ya jinsi hiyo hiyo. Basi hapana haja ya kubishana kama mnara unatoa mawimbi. Unatoa, na kama usingetoa usingekuwa na faida yo yote. La kuuliza ni kiasi gani kinamfikia mtu, na nani aliyekipima.

Kiasi hicho kina mpaka. Ipo kamisheni ya wataalamu wa kimataifa, iitwayo ICNIRP, iliyotoa viwango mwaka 1998 na kuvitengeneza upya mwaka 2020, na nchi nyingi zinavifuata. Hesabu yao ni hii: mwili mzima ukipokea wati 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa muda wa nusu saa, joto la ndani ya mwili huweza kupanda kiasi cha digrii 1. Wakaigawa 4 kwa 50, ikawa wati 0.08, na huo ndio mpaka waliowekewa watu wote, wagonjwa na watoto wakiwemo. Kwa kuwa haiwezekani kutia kipimo ndani ya mwili wa mtu aliye hai, wakaweka na mpaka wa mawimbi yanayopita hewani: wati 4.5 katika kila mita ya mraba kwa simu za megahezi 900, wati 9 kwa megahezi 1800, na wati 10 kwa megahezi 2000 na kuendelea.

Kwa kulinganisha, jua la saa sita mchana hapa kwetu siku isiyo na mawingu hutupiga kwa kiasi cha wati 1,000 katika kila mita ya mraba. Hata hivyo mfano huu usitumiwe kumnyamazisha mzee, maana joto la jua huishia kwenye ngozi, ilhali mawimbi ya redio hupenya ndani kidogo. Nimeutaja ili tujue wati 10 ni kitu cha ukubwa gani.

Sasa tuuhesabu mnara wetu, kwa hesabu ambayo mwanafunzi ye yote wa Kidato cha Tatu anaiweza. Tuseme antena inapeleka upande mmoja mawimbi yenye nguvu ya kama wati 1,000. Yakienda mbali hutawanyika kama uso wa mpira unaojazwa upepo, na eneo la uso huo ni 4πr². Kwa mita 50, eneo ni kiasi cha mita za mraba 31,400. Gawa 1,000 kwa idadi hiyo, utapata wati 0.03 katika kila mita ya mraba, yaani sehemu moja katika mia na arubaini ya mpaka wa megahezi 900. Tuseme tena kwamba kampuni kadha wa kadha zinagawana mnara mmoja, tuzidishe mara tano, itakuwa 0.16, na bado hatujafika hata sehemu moja katika ishirini ya mpaka. Tena antena hizo hazimwagi mawimbi yao chini. Huyarusha mbele, kama taa ya mnara wa Ras Nungwi inavyomulika bahari na kumwacha gizani aliyekaa shinani pake.

Kwa hesabu hiyo mimi siuogopi mnara wa kiwanjani. Lakini msomaji aliye makini ataona kwamba wati 1,000 nimezitia mimi mwenyewe kwa kukisia. Mwenye mnara anaijua hesabu yake ya kweli, sisi hatujapewa. Na tofauti baina ya "tuseme" na "tumepima" ndiyo haki ninayowatetea wazee.

Tazameni jinsi mambo yanavyogeuka tukitoka shamba tukaenda Mji Mkongwe. Huku mnara una urefu wa minazi miwili mitatu na nyumba ziko mbali. Kule vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi, na dari za nyumba hukabiliana. Antena ikifungwa juu ya paa la nyumba moja, yamkini ikaelekea dirisha la ghorofa ya tatu ya jirani kwa umbali wa mita 5 tu. Rudieni hesabu ile ile kwa mita 5: wati 1,000 zikigawanywa kwa mita za mraba 314 ni wati 3.2. Hapo tumeukaribia mpaka. Na zikiwa antena mbili za namna hiyo zinaelekea dirisha hilo hilo, tumeuvuka. Sisemi kwamba iko nyumba yenye hali hiyo. Nasema kwamba huko ndiko kunakostahili kupimwa kwanza, na fundi anayepanda paani kutengeneza tangi la maji, akasimama mbele ya antena kwa saa nzima, ana sababu ya kuogopa kuliko sisi tunaocheza mpira chini ya mnara. Ibandikwe alama ya hatari anayoweza kuisoma, tena kwa Kiswahili. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na watu huulizwa sana juu ya milango na madirisha yao, kama yanafuata sura ya kale. Waulizwe pia juu ya kilichofungwa paani.

Jambo la pili ambalo wazee hawalisemi, wala vijana hawapendi kulisikia, ni kwamba kinachomkaribia mtu zaidi ni simu iliyo sikioni mwake. Mnara una nguvu nyingi lakini uko mbali; simu ina nguvu kidogo lakini imegusa kichwa. Simu za mtindo wa kwanza wa megahezi 900 zina ruhusa ya kufika wati 2 zinapotuma, kwa vipindi vifupi vifupi. Zikiwa karibu na mnara, huamriwa na mnara wenyewe zipunguze hata kufikia miliwati 5 au chini yake, na zikiwa mbali huongezewa. Ndiyo kusema, tukiung'oa mnara wa kiwanjani, kila simu ya kijiji hiki itapaza sauti yake ili isikike na mnara wa mbali, nayo itafanya hivyo ikiwa imewekwa kwenye masikio ya wale wale walioomba mnara ung'olewe. Hapo ndipo hoja yao inapowarudia, nami sikuona hata mmoja aliyelisema hilo mkutanoni.

Ni hivyo hivyo ndani ya nyumba za mawe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufika nusu mita na zaidi. Zinazuia joto vizuri, na zinazuia mawimbi pia. Anayezungumza katika chumba cha ndani simu yake hujikaza kuliko ya aliyekaa barazani. Basi mwenye mazungumzo marefu na atoke barazani, au atumie spika, au aiweke simu mbali na kichwa, kwani hata sentimita chache hupunguza sana. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuta nene, wako wanaonunua vifaa vya kukuza mawimbi visivyoidhinishwa na kuvifunga wenyewe madirishani. Kifaa kibovu cha namna hiyo hutia makelele katika masafa ya mnara, na simu za majirani hulazimika kuongeza nguvu ili zisikike. Mtu hupata mawasiliano mazuri kwa gharama ya mtaa mzima.

Ama juu ya saratani, sitaki kuwadanganya wasomaji kwa upande wo wote. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kundi ambalo limo pia dondoo la jani zima la mshubiri. Maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa mdogo lakini haukuweza kutupwa. Mwaka 2024 ulitolewa uchambuzi ulioagizwa na Shirika hilo hilo, uliokusanya tafiti za miaka mingi, nao haukuona uhusiano baina ya kutumia simu za mkononi na saratani ya ubongo. Mwenye kukutajia ule wa 2011 bila ya huu wa 2024 amekupa nusu ya habari. Na habari za nusu zina madhara: mwaka 2020 huko Uingereza watu walichoma moto minara ya simu kwa kuamini kwamba ndiyo iletayo maradhi ya korona.

Wala kisiwa chetu si kigeni na ubishi wa antena. Kuanzia mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kufuatia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari, 1962, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vya kumsikiliza, kama ilivyokuwa Kano huko Nigeria. Lakini mjini yalifanyika maandamano ya kukipinga, na wako walioamini kwamba pale patarushwa makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kiliondolewa. Wenye sababu za siasa walikuwa na hoja zao, na mimi si mtu wa kuwahukumu wakubwa zangu. Ila kama kuna kombora au hakuna, hilo ni jambo la kwenda kutazama kwa macho. Naona ajabu kwamba zaidi ya miaka 60 imepita, na bado tunabishana juu ya antena kwa masikio.

Sasa nani apime? Iko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na kazi yake inafika huku Visiwani kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano. Kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, vifaa vya mawasiliano hutakiwa vikaguliwe na kuidhinishwa kabla ya kuingizwa madukani. Iko pia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, nayo pia iliundwa kwa sheria ya 2003. Watu wengi wakisikia atomiki hufikiri mabomu, kumbe kazi yake ni kulinda watu na mionzi, nayo ina wataalamu na vyombo vya kupima hata mawimbi ya minara ya simu. Hatuhitaji kuunda kamati mpya.

Watakaosema kwamba kifaa kikishaidhinishwa hapana haja ya kukipima tena, nawapa habari ya Ufaransa. Mwezi wa Septemba, 2023, idara ya masafa ya nchi hiyo ilisimamisha kuuzwa kwa iPhone 12, simu ya kampuni kubwa kabisa, ambayo ilikuwa sokoni tangu mwaka 2020. Ilipopimwa ikiwa imeshikwa mkononi au imetiwa mfukoni, ilionekana inapeleka mwilini wati 5.74 kwa kilo, na mpaka wa mikono na miguu ni wati 4. Kampuni ikatoa programu mpya ya kurekebisha, na simu ikarudi dukani. Hakuna aliyekufa wala aliyeugua, maana mpaka umewekwa mbali na hatari. Lakini tazameni: hati zilikuwapo, na kosa likaonekana kwa sababu kulikuwa na idara inayozichukua simu sokoni na kuzipima.

Ikiwa hilo limetokea kwa simu halali, tusemeje juu ya simu bandia? Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya hapo wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili waione namba ya utambulisho ya tarakimu 15, na kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 wapate kujibiwa kama simu zao ni za kweli. Watu walilalamika sana, na ni kweli kwamba waliopata hasara zaidi ni maskini, walionunua kwa fedha kidogo bila ya kujua. Mimi naona zoezi lilikuwa la haki, ila lingeanza bandarini na madukani kabla ya kufika mifukoni mwa watu. Simu ya bandia hujui betri yake imetengenezwa na nani, wala antena yake inapeleka kiasi gani kichwani, kwa kuwa hakuna aliyeipima hata siku moja. Mzazi aendapo Darajani kumnunulia mtoto wake simu ya kwanza baada ya mitihani, na aibonyeze namba hiyo mbele ya mwenye duka kabla ya kutoa fedha. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika.

Hapa naongeza neno dogo kwa wenzangu wa dakhalia, nalo wasilichukulie vibaya. Simu zimekatazwa skulini, na sina nia ya kubishana na sheria hiyo. Lakini inajulikana kwamba ziko zinazolala chini ya mito, zikiwa zimechomekwa kwenye chaja za bei rahisi, na wenyewe asubuhi ndio wa kwanza kulaumu mnara kwa maumivu ya kichwa. Mtu aliyekesha mpaka saa nane za usiku akitazama mpira hahitaji antena ili kichwa kimuume. Na chaja mbovu iliyofunikwa na godoro ni hatari ya moto, jambo ambalo halina ubishi wa wataalamu wo wote.

Nao wenye kutaka mnara ung'olewe wafikiri kilichopo. Muhula uliopita mwenzetu alishikwa na pumu usiku wa manane, na matroni aliita gari kwa simu, likafika kabla hali haijawa mbaya. Kabla ya mnara, simu ilishika juu ya kichuguu cha mawe karibu na barabara tu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Wavuvi wa hapa hupokea fedha zao za samaki kwa simu, na mama zetu hutuma ada kwa simu. Hayo yote yatapotea kwa jambo ambalo kipimo cha asubuhi moja kingelitatua.

Kwa hiyo naomba hivi. Mwalimu Mkuu, pamoja na Sheha na Kamati ya Skuli, waandike barua moja kwa Mamlaka na kwa Tume, waombe mawimbi yapimwe mahali panne: katikati ya kiwanja, mlangoni mwa dakhalia ya wanawake ambayo ndiyo iliyo karibu, katika chumba cha kompyuta ambako sasa kuna intaneti isiyo na waya, na barazani mwa nyumba ya jirani aliyelalamika zaidi. Sisi wa Kidato cha Nne turuhusiwe kusimama karibu na wapimaji tuone wanavyofanya, na mzee mmoja au wawili wawepo pia, wasije wakaambiwa matokeo na watu wengine. Karatasi ya matokeo iandikwe kwa Kiswahili, iwe na tarehe, iseme kimeonekana kiasi gani na mpaka ni kiasi gani, kisha ibandikwe kwenye ubao wa skuli na nakala yake kwa Sheha. Kampuni nyingine ikija kuongeza antena katika mnara huo, ipimwe upya na karatasi ibadilishwe.

Ikiwa kipimo kitaonyesha mpaka umevukwa, mimi mwenyewe nitakuwa pamoja na wazee kudai mnara uondolewe, hata kama tutarudi kwenye kile kichuguu. Barua haina gharama kubwa, na muhula bado una wiki sita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne